Ulinzi wa watoto kanisani na chuoni: mambo ambayo kila mzazi wa Lamu anapaswa kuyajua

KATIKA mtaa wa Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale wa Lamu, siku ya mtoto hugawika sehemu tatu: shuleni, nyumbani na mahali pa dini. Watoto wengi huenda chuoni kusoma Kurani. Wachache ambao wazazi wao ni Wakristo, wengi wakiwa watumishi wa umma, wafanyabiashara na vibarua waliotoka bara, huenda kanisani Jumapili, na siku nyingine huwa na mazoezi ya kwaya au mikutano ya vijana. Likizo zinapofika, baadhi yao huabiri boti hadi Mokowe na kuendelea kwa barabara kwenda kwenye kambi na makongamano ya vijana Mpeketoni, Malindi au Mombasa.

Katika saa hizo zote mzazi hayupo. Amemkabidhi mwanawe kwa mtu mwingine, na mara nyingi hakuuliza swali lolote, kwa kuwa aliyemkabidhi ni mtu wa dini. Imani hiyo ni jambo jema, na walimu wengi wa dini wanaistahili. Hata hivyo, imani isiyo na utaratibu ndiyo mlango anaoutafuta mtu mwenye nia mbaya. Makala haya yanaeleza maana ya dhuluma dhidi ya watoto, sheria ya Kenya inavyosema, kanuni ambazo kanisa au chuo kinapaswa kuwa nazo, na hatua za kuchukuliwa pindi mtoto anapodhulumiwa.

Dhuluma ni nini?

Sheria ya Kenya inamtambua mtoto kuwa mtu yeyote ambaye hajatimiza umri wa miaka 18. Dhuluma dhidi yake huwa za aina nne kuu: ya kimwili, kama vile kumpiga, kumfunga au kumchoma, ya kihisia, kama kumtukana, kumtisha na kumdhalilisha mbele ya wenzake, ya kutelekezwa, yaani kumnyima chakula, tiba, masomo au uangalizi, na ya kingono, ambayo ndiyo hufichwa zaidi kuliko zote.

Dhuluma ya kingono haiishii kwenye kumwingilia mtoto. Kumpapasa, kumlazimisha ampapase mtu mzima, kumwonyesha picha chafu, kumtaka apige picha za mwili wake na kuzituma kwa simu, na hata kumzoesha mazungumzo ya siri kuhusu mambo ya faragha, yote yamo. Wavulana hudhulumiwa kama wasichana. Tofauti ni kwamba mvulana huona haya zaidi kusema, na watu wazima huwa wagumu zaidi kumwamini.

Uchunguzi wa kitaifa kuhusu dhuluma dhidi ya watoto uliofanywa mwaka 2010 ulibaini kwamba asilimia 32 ya wanawake na asilimia 18 ya wanaume wenye umri wa kati ya miaka 18 na 24 walikuwa wametendewa dhuluma ya kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Uchunguzi wa pili, wa mwaka 2019, ulionyesha kupungua, hadi asilimia 16 hivi kwa wanawake na 6 kwa wanaume. Ni nafuu kubwa. Lakini hata kwa kipimo hicho cha pili, katika kila wasichana sita wanaoketi pamoja kwenye kiti kimoja cha kanisa, kuna uwezekano kwamba mmoja wao amepatwa.

Kwa nini mahali pa ibada?

Mdhalimu wa watoto huenda mahali ambapo watoto wapo, ambapo watu wazima wanaheshimiwa bila kuulizwa, na ambapo kashfa huogopwa kuliko dhambi yenyewe. Mahali pa ibada huweza kuwa na sifa zote tatu. Mtoto amefundishwa kumtii mchungaji, kasisi, maalim au kiongozi wa kwaya. Mzazi huona ni utovu wa adabu kumhoji. Waumini nao wanahofu kwamba wakisema, dini yao ndiyo itakayoaibika.

Aidha, dhuluma aghalabu haianzi kwa nguvu. Huanza kwa hisani. Mtu mzima humchagua mtoto mmoja, pengine yatima, maskini au mwenye upweke. Humpa nauli, simu, viatu au sifa. Hujijengea jina zuri kwa wazazi wake. Kisha hutafuta nafasi ya kuwa naye peke yake, humzoesha siri ndogo ndogo, na humpima kwa mguso mmoja aone kama atasema. Mtoto asiposema, mguso wa pili hufuata. Anapogundua kuwa amenaswa, mtoto hujiona mshirika, kwa kuwa alipokea zawadi. Wazazi wakizijua hatua hizi, wataweza kuukata uzi huo mapema.

Mafunzo ya kesi zilizopita

Nchini Uingereza, wakili John Smyth alikuwa miongoni mwa viongozi wa kambi za likizo za vijana Wakristo katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Aliwapiga vijana viboko vya kikatili akidai kwamba anawatakasa. Mwaka 1982 viongozi waliohusika na kambi hizo waliandikiwa ripoti ya siri iliyoeleza matendo yake. Hawakwenda polisi. Walimtaka aondoke tu. Mwaka 1984 Smyth alihamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine za vijana, na akaendelea kuwapiga wavulana. Mnamo Desemba 1992 mvulana wa miaka 16, Guide Nyachuru, alikutwa amekufa katika kidimbwi cha kuogelea cha kambi hiyo. Smyth alishtakiwa, lakini kesi ikavunjika, naye akahamia Afrika Kusini, ambako alifariki mwaka 2018 bila kuhukumiwa. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Novemba 2024 ilibaini kwamba watoto na vijana zaidi ya 100 waliumizwa, na siku chache baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, akatangaza kujiuzulu. Siri iliyotunzwa Uingereza ili kuilinda heshima ya kazi ya Mungu ililipwa na watoto wa Afrika.

Kesi ya pili ni ya hapa nchini. Mwaka 2008 mmishenari Mmarekani, Gregory Dow, alifungua makao ya watoto huko Boito, Kaunti ya Bomet. Alikuwa amepatikana na hatia nchini kwake mwaka 1996 kwa kosa la kumshambulia mtu kwa nia ya kumdhulumu kingono. Hilo halikumzuia kukabidhiwa watoto wa Kenya. Alikimbia mwaka 2017 tuhuma zilipoanza kusikika, na Februari 2021 mahakama ya Marekani ilimhukumu kifungo cha miaka 15 na miezi minane kwa kuwadhulumu wasichana wa makao hayo.

Kesi ya tatu ni ya Matthew Durham, kijana wa Marekani aliyekuja kujitolea katika kituo cha watoto viungani mwa Nairobi kati ya mwaka 2012 na 2014. Badala ya kulala mahali palipotengewa wageni, aliomba kulala kituoni pamoja na watoto, akakubaliwa. Mwaka 2016 alihukumiwa miaka 40 jela nchini Marekani.

Isitoshe, pwani yetu haitasahau mwaka 2023, miili ya watu zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi, ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walifunguliwa mashtaka mwaka 2024, yakiwemo ya mauaji ya watoto 191, nao wakayakana. Uamuzi ni wa mahakama. Lakini jambo moja halisubiri uamuzi: mtoto hana uwezo wa kukataa mafundisho ya mtu ambaye wazazi wake wamemkabidhi roho zao.

Kila kesi ina funzo lake. Smyth angezuiwa na taarifa moja kwa polisi. Dow angezuiwa na swali moja kuhusu maisha yake ya awali. Durham angezuiwa na kanuni moja kuhusu mahali pa kulala. Hakuna kati ya hayo matatu linalohitaji fedha nyingi.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, kutelekezwa, mila zenye madhara na kila aina ya ukatili, na kinaagiza kwamba maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Kifungu cha 29 kinamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Kwa hivyo bakora kanisani au chuoni haina hifadhi ya sheria, hata kama mzazi mwenyewe alimwambia mwalimu, kama ilivyo desturi ya zamani, kwamba nyama ni yake na mifupa ndiyo atakayorudishiwa mzazi.

Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, iliyowasilishwa bungeni na mbunge mteule Njoki Ndung'u, inaweka vifungo vya chini kwa kosa la kumnajisi mtoto. Mtoto akiwa na umri wa miaka 11 au chini yake, adhabu ni kifungo cha maisha. Akiwa wa miaka 12 hadi 15, ni kifungo kisichopungua miaka 20. Akiwa wa miaka 16 au 17, ni kifungo kisichopungua miaka 15. Kumtendea mtoto kitendo cha aibu, hata bila ya kumwingilia, huadhibiwa kwa kifungo kisichopungua miaka 10. Vilevile sheria hiyo inamtaja mtu aliye katika nafasi ya kuaminiwa ambaye anaitumia nafasi hiyo kumshawishi aliye chini ya uangalizi wake. Naye kifungo chake hakipungui miaka 10. Mnamo Julai 2024 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba vifungo hivyo vya chini ni halali.

Mambo matatu ya sheria hupotoshwa mara nyingi barazani. La kwanza ni ridhaa. Mtoto hawezi kuridhia tendo la ngono na mtu mzima, na kauli kwamba "alitaka mwenyewe" si utetezi. La pili ni ushahidi. Wapo wanaodhani kuwa lazima wapatikane watu walioona kwa macho. Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 124, inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika kesi ya ngono kwa ushahidi wa mtoto peke yake, mradi hakimu ameridhika kwamba mtoto anasema kweli na ameandika sababu za kuridhika kwake. La tatu ni ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeweka umri wa chini kuwa miaka 18. Kumwoza msichana kwa aliyemnajisi hakufuti kosa la kwanza, bali huongeza la pili.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2001, imeongeza ulinzi dhidi ya dhuluma za mtandaoni. Hili ni muhimu, kwa sababu kiongozi wa vijana siku hizi hahitaji kufunga mlango ili awe peke yake na mtoto. Inatosha kuwa na namba yake ya simu.

Kanuni ambazo kila kanisa linapaswa kuwa nazo

Katika Kanisa Katoliki, agizo lililotolewa na Papa Francis mwezi Mei 2019 na kuthibitishwa mwaka 2023 linalitaka kila jimbo liwe na utaratibu ulio wazi wa kupokea taarifa za dhuluma, na linawalazimu makasisi na watawa kutoa taarifa kwa wakuu wao. Agizo hilo halichukui nafasi ya sheria za nchi. Parokia za Lamu zimo katika Jimbo la Malindi, lililoundwa mwaka 2000, hivyo muumini ana haki ya kuuliza utaratibu huo unafanyaje kazi na taarifa hupokelewa na nani.

Makanisa madogo yasiyo na askofu wala ofisi kubwa yanaweza kujiwekea kanuni zake yenyewe, zikaandikwa katika karatasi moja na kubandikwa ukutani. Zilizo muhimu ni hizi:

Kwanza, mtu mzima mmoja asiwe peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Darasa la watoto liwe na watu wazima wawili wasio wa nyumba moja, na mlango ubaki wazi. Ushauri na maombi ya faragha yafanyike mahali ambapo wengine wanaona, hata kama hawasikii.

Pili, asikabidhiwe watoto mtu ambaye hajakaa na waumini kwa muda wa kutosha kujulikana. Mgeni, awe ametoka bara au ng'ambo, aulizwe alikotoka, watajwe watu wawili wanaomfahamu, nao wapigiwe simu. Atoe cheti cha polisi cha maadili mema. Pale mtu anapohama kanisa moja kwenda jingine, uongozi wa kwanza uulizwe waziwazi: je, aliwahi kulalamikiwa kuhusu watoto?

Tatu, mawasiliano ya simu kati ya kiongozi na mtoto yapitie kwenye kundi ambalo wazazi wamo, au kwenye simu ya mzazi. Ujumbe wa usiku wa manane kwa msichana wa kwaya si uchungaji.

Nne, zawadi zipitie kwa mzazi. Anayetaka kumsaidia mtoto ada au sare ampe mzazi au kamati, si mtoto mwenyewe kwa siri.

Tano, wachaguliwe watu wawili, mwanamke na mwanamume, wa kupokea malalamiko ya watoto, na majina yao yatangazwe mbele ya watoto. Wasiwe jamaa wa mchungaji, wala wasiwe watumishi anaowalipa. Malalamiko dhidi ya mchungaji mwenyewe ndiyo hupotea kwa urahisi zaidi pale anayeyapokea anapokula kwenye mkono wake.

Sita, watoto wafundishwe. Wajue majina ya viungo vyao, wajue kwamba miili yao si ya kuguswa ovyo, na kwamba siri inayomfanya mtoto aogope si siri ya kutunzwa. Mtoto afundishwe pia kwamba utii kwa mkubwa una mpaka.

Kanuni hizi zinafaa chuoni sawa na kanisani. Daka lililo wazi mbele ya nyumba, ambalo wazee wetu walilijenga kwa kupokelea wageni, ni mahali bora pa kumfundishia mtoto kuliko chumba cha ndani kilichofungwa.

Safari na kambi

Hatari huongezeka pale watoto wanapolala nje ya nyumba zao. Katika visiwa hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mzazi aliye Mkomani hawezi kumfuata mwanawe Malindi usiku ule ule. Kwa hiyo maswali yaulizwe kabla ya boti kung'oa nanga. Nani anasimamia safari, na namba yake ni ipi? Watoto watalala wapi? Je, wasichana na wavulana wana vyumba na vyoo tofauti? Nani atalala karibu nao?

Mtu mzima asilale kitanda kimoja na mtoto asiyekuwa wake, wala chumbani peke yake na mtoto mmoja. Wasimamizi wa kike wawepo kwa ajili ya wasichana. Orodha ya majina isomwe wakati wa kuondoka, wa kulala na wa kuamka. Mzazi atie sahihi ya ruhusa, na apewe nakala ya ratiba. Mtoto naye apewe nafasi ya kupiga simu nyumbani bila ya kusimamiwa, na mzazi amwambie wazi: ukitaka kurudi, nitakufuata, na sitakuuliza sababu mbele ya watu.

Dalili za kuangalia

Hakuna dalili moja inayothibitisha dhuluma, lakini mabadiliko ya ghafla hayafai kupuuzwa. Mtoto aliyependa kwaya akaanza kukataa kwenda. Mtoto anayeogopa kubaki na mtu fulani, au kinyume chake, asiyebanduka kwa mtu huyo na kupokea zawadi zisizoelezeka. Kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha. Maumivu au vidonda sehemu za siri. Kushuka kwa masomo, ndoto za kutisha, hasira, au kujua mambo ya kingono yasiyolingana na umri wake. Pale dalili kadhaa zinapokutana, mzazi azungumze na mtoto kwa upole, wakiwa wawili, bila ya kumtishia.

Mtoto akisema

Saa ya kwanza baada ya mtoto kusema huamua mengi. Msikilize bila kumkatiza. Usipige kelele, usilie mbele yake, usimuulize kwa nini hakusema mapema au alifuata nini huko. Mwambie maneno matatu: nakuamini, si kosa lako, umefanya vyema kuniambia. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa sababu ahadi hiyo huwezi kuitimiza. Usimhoji tena na tena kwa maswali ya kumwelekeza. Andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na tarehe na saa.

Wala usimkabili mshukiwa. Atapata muda wa kumtisha mtoto, kuharibu ushahidi au kutoroka.

Saa 72

Mtoto aliyeingiliwa anatakiwa afikishwe hospitalini haraka iwezekanavyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi hufaa zikianzwa kabla ya kupita saa 72, na huendelea kwa siku 28. Msichana aliyevunja ungo anaweza kupewa dawa ya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Mjini Lamu, huduma hutafutwa katika Hospitali ya King Fahd. Walio katika visiwa vya mbali wasisubiri kulipambazuka jambo. Waanzie kituo cha afya kilicho karibu huku safari ikipangwa.

Mtoto asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla ya kuonwa na daktari. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Matibabu hayasubiri ripoti ya polisi, na sheria inaagiza kwamba mwathiriwa wa kosa la ngono atibiwe bila malipo katika hospitali ya umma. Daktari hujaza fomu ya huduma baada ya ubakaji, kisha fomu ya P3 inayotolewa na polisi. Fomu hiyo nayo hailipiwi.

Taarifa hutolewa katika kituo cha polisi, ambako mlalamishi huhakikisha kwamba jambo limeandikwa katika kitabu cha matukio na kupewa namba. Taarifa yaweza pia kupelekwa kwa afisa wa watoto au kwa chifu. Simu ya 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo wakati wowote, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Ipo pia 1195 kwa waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Mahakamani, mtoto anaweza kutangazwa kuwa shahidi anayehitaji ulinzi maalumu, akatoa ushahidi bila ya kumwona mshtakiwa au kupitia kwa msimamizi.

Maslaha na sitara

Kikwazo kikubwa hapa pwani si ukosefu wa sheria. Ni maslaha: wazee kukutana, familia ya mkosaji kulipa, na jambo kuzikwa. Wanaofanya hivyo wengi wao hawana nia mbaya. Wanataka kuihifadhi sitara ya msichana asije akakosa mume, jina la familia lisitajwe sokoni, na dini isichekwe. Katika mji ambao nyumba zimeegemeana ukuta kwa ukuta, na watu wameoleana kwa vizazi, hofu hiyo si ya kudharauliwa.

Lakini yafaa tujiulize ni sitara ya nani inayohifadhiwa. Fedha hupokelewa na baba. Aibu hubaki kwa mtoto, ambaye kila Jumapili au kila jioni atamwona aliyemdhulumu amesimama mbele ya watu akifundisha. Na mkosaji, aliyejua bei ya kosa lake, anaweza kulirudia. Mficha maradhi, wahenga walisema, kilio humfichua.

Isitoshe, sheria haikuwapa wazee mamlaka hayo. Uamuzi wa kusitisha kesi ya ngono si wa mzazi, wala wa mchungaji, wala wa imamu. Ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mahakama ya Kadhi nayo, kwa mujibu wa kifungu cha 170 cha Katiba, husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Unajisi haumo. Mzee wa mtaa, kasisi na maalim wana kazi nyingine iliyo yao kwa haki: kusimama na familia, kuisindikiza kituoni, kuzima uvumi na kuwahimiza watu wasimnyooshee mtoto kidole.

Haki ya anayeshutumiwa

Kuna hofu kwamba mwalimu mwema anaweza kusingiziwa. Hofu hiyo ina jibu. Katiba inamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo, na kazi ya kuthibitisha ni ya mahakama. Kanisa halipaswi kuhukumu, linapaswa kumpisha. Anayeshutumiwa aondolewe katika kazi zote za watoto mara moja, bila ya kutangazwa mimbarani kuwa mkosaji, hadi uchunguzi ukamilike. Asihamishiwe kisiwa kingine wala mji mwingine. Na ikumbukwe kwamba kanuni za watu wawili na mlango wazi humlinda mwalimu mwema kama zinavyomlinda mtoto, kwa kuwa hakuna anayeweza kumsingizia jambo lililofanyika mbele ya shahidi.

Mwito

Mzazi anayesoma makala haya hahitaji kuwa mwanasheria. Anaweza kuanza Jumapili hii, au jioni hii chuoni, kwa maswali matatu: mwanangu hubaki na nani, mlango huwa wazi au umefungwa, na akiwa na malalamiko amwendee nani? Kiongozi mwema hataudhika. Atafurahi kwamba kuna anayemsaidia kulichunga kundi. Na atakayeghadhabika kwa kuulizwa, basi hayo yenyewe ni jibu la kutosha kumfanya mzazi amshike mwanawe mkono na kurudi naye nyumbani.